Mluzi wa Omelko katika Dohani ya Jirani

Omelian Tsybenko, Omelko wetu, fundi wa majiko na askari. Kijiji cha Kucheriavka, Poltava.

Ni mwaka mmoja sasa, Omelko, tangu asubuhi ile simu ya mkeo Lilia ilipokaa kimya mezani, kando ya mkate, nasi tukaizunguka kama watu wanaongoja maji yachemke.

Ulikuwa na desturi ya kututumia alama moja tu kila asubuhi, ile ya kujumlisha ya darasa la kwanza. Maana yake ilikuwa: niko hai, msinisumbue. Askari wote hutuma hiyo, na hapa kijijini kila nyumba ina mtu anayeamka akiitafuta. Wewe uliyeweza kusimulia habari za tofali moja mpaka chai ikapoa, ulijifunza kutuambia yote kwa vistari viwili. Siku ile vistari viwili havikuja.

Mimi dada yako Tamila ndiye niliyepewa kalamu. Mama alisema, "Andika wewe, mdomo unao." Lilia alijaribu, akafuta, akajaribu tena, akafuta. Na binti yako Yaryna ametuonya kwamba tukijaza ukurasa kwa maneno makubwa ya mashujaa bila kutaja kuwa ulikuwa unaimba vibaya, jina lake tulitoe. Basi tunaanza na hilo. Ulikuwa unaimba vibaya sana, mdogo wangu, na ulikuwa unaimba kila siku.

Ulijenga majiko ya matofali, yale makubwa yanayopasha nyumba nzima joto, yanayooka mkate chini na kumlaza bibi juu. Uligonga kila tofali kwa mpini wa mwiko, ukaliweka sikioni kabla ya kulikubali. Lilia alikukandia udongo kwa miguu, maana ulisema hakuna mashine inayojua udongo umeiva lini, ila kisigino cha Lilia. Na jiko likishakwisha, moto wa kwanza uliuwasha mwenyewe. Uliketi sakafuni mbele yake, ukainua mkono, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka moshi upate njia. Hata padri alinyamaza.

Yule bibi wa ng'ambo ya korongo ulimjengea jiko kwa matofali ya zizi lililoanguka, ukamdanganya kwamba yalibaki kwenye kazi nyingine. Tulijua. Mgongo wako ulikuuma wiki nzima kwa kuyabeba, na hukukubali kusema uliyatoa wapi. Ulikuwa muongo wa namna hiyo tu.

Sasa tuje kwa Mzee Havrylo, jirani yetu wa ua kwa ua, maana bila yeye kumbukumbu hii haisimami.

Kwetu fundi wa jiko hulishwa. Hilo halina mjadala. Mwenye nyumba humpa chakula cha moto chenye nyama kila siku ya kazi, hata kama yeye mwenyewe anakula viazi. Havrylo, aliyefiwa na mkewe zamani na mkono wake ukabana tangu hapo, alikulisha supu ya bitiruti iliyopoa, siku baada ya siku, huku bata bukini wa kukaushwa kwa moshi akining'inia ghalani na harufu yake ikipita chini ya mlango. Hukulalamika. Uliramba kijiko, ukasema, "Asante baba, Mungu akuzidishie." Na ulipopanda kumalizia dohani, ukapachika ndani yake shingo ya chupa, mdomo wake ukiangalia mashariki.

Mafundi wa majiko wamefanya hivyo tangu enzi za babu zao. Mkono mtupu haulambwi. Upepo wa kwanza wa mashariki ulipovuma, nyumba ya Havrylo ikapiga mluzi mrefu, mwembamba, wa kutia meno ganzi. Tulikuwa mezani. Mlango ukafunguliwa, na Havrylo akaingia kofia ikiwa imegeuka nyuma mbele.

"Ustyna! Marehemu mke wangu amerudi!"

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Hasemi kitu! Anapiga mluzi!"

"Basi siyo yeye," Mama akasema. "Mkeo angesema."

Wewe uliinama juu ya sahani yako na mabega yakitikisika. Havrylo alimwita padri. Padri alinyunyiza maji kila pembe, akasimama chini ya dohani akasikiliza, kisha akauliza kwa upole, "Havrylo mwanangu, huyo fundi ulimpikia nini?" Padri alijua, kwa kuwa yalishamkuta. Kijiji kilicheka mpaka Krismasi, na Havrylo akakununia majira yote ya baridi.

Halafu ikaja Februari ile, na vita.

Ulikwenda mjini kwenye ofisi ya kuandikisha jeshi ukiwa na mwiko ndani ya mfuko wa koti, kwa sababu ulikuwa umetoka kazini na hukukumbuka kuutoa. Ulitusimulia foleni ile: karani wa mikataba ya nyumba, dereva wa gari la maziwa, mwalimu wa muziki aliyebeba viatu vyake vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, na yule jamaa anayeuza mbegu za alizeti stesheni. Karani wa jeshi alikuuliza kama umewahi kushika silaha.

"Mwiko," ukasema.

"Ujuzi mwingine?"

"Najua moshi unakoelekea."

Foleni nzima ilicheka. Baadaye, kule mstari wa mbele, hakuna aliyecheka tena kwa hilo.

Asubuhi ya kuondoka kwako tuliketi kwanza sote kimya, kama inavyopasa kabla ya safari, ili njia isikuonee wivu. Lilia aliketi juu ya begi lako kana kwamba angelizuia kwa uzito wake. Mama alikuwa juu ya jiko. Kabla hatujainuka, mlango ukagongwa, na Havrylo akaingia na bata bukini mzima ndani ya kitambaa, anatoa mvuke.

"Kula," akasema bila salamu. "Kula, mshenzi wewe, halafu panda juu ukatoe hilo shetani lako."

"Baba Havrylo, paa lina barafu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikirudi. Kazi ya kwanza ni dohani yako. Hata buti sivui."

"Ahadi ni deni, Omelko."

"Mashahidi si hawa wote? Ila mtu mwingine asiiguse, atakuharibia jiko."

Ulitoka na paja la bata mkononi, ukitafuna, Mama akikupigia kelele kutoka juu ya jiko ufunge vifungo vya koti. Hukufunga.

Ukaja likizo mara moja, wakati wa kiangazi. Havrylo alikungoja langoni na ngazi begani. "Paa limekauka!" akasema. Ulimpiga busu kwenye upara. "Nimekuja likizo, baba, sijarudi. Kurudi ni kurudi." Alikufokea, akairudisha ngazi ghalani, na usiku wake akaleta supu, ya moto.

Maneno yako hayo Mama aliyashika. Simu hakuiamini kamwe. Alisema simu ni ya watu wa kampuni, upepo ni wa Mungu. Mashariki ndiko ulikokuwa, na upepo wa mashariki ulipoipiga dohani ya Havrylo, Mama alifungua kidirisha chake kidogo, baridi ikaingia ndani yote, akasema, "Mnamsikia? Yuko mzima. Bado ana kazi ya kuja kufanya." Lilia alitazama simu yake, Mama akasikiliza dohani yake, na kwa muda mrefu habari zao zililingana.

Kule walikuita Dohani. Hilo tumelipata kwa Arsen, daktari wa meno wa Cherkasy, uliyelala naye handaki moja. Anasema moshi ukionekana tu, droni inakuja. Wewe uliokota matofali ya nyumba zilizobomoka, ukajenga vijiko vidogo ndani ya ardhi, ukaupitisha moshi chini ya vichaka, kona baada ya kona, mpaka ukatoka mbali kabisa umepoa na kuchoka, hata wenyewe haukumbuki ulikotoka. Watu walilala na soksi kavu. Vikosi vya jirani vikawa vinakuazima kama ngazi. Arsen alikuziba jino kwa mwanga wa tochi ya simu, nawe ukamlipa kwa jiko.

Uliniambia siku moja, "Tamila, huku hakuna hata askari mmoja. Sote ni watu wa kawaida tuliovaa nguo za aina moja. Yupo mpishi wa keki, yupo dereva wa trolibasi, yale mabasi ya umeme ya mjini. Tunaulizana mchana kutwa vita vikiisha nani atamfanyia nani nini. Mimi nina oda za majiko hadi uzeeni."

Nilikuambia upunguze bei, usije ukawaua marafiki. Ukacheka. Kicheko chako nakikumbuka vizuri kuliko sura yako, na hilo linanitisha.

Arsen alikuja kwetu kwa magongo wakati wa theluji kutusimulia mwisho wako, na tulimshukuru, maana kutojua kulikuwa kunatula. Alikuwa amejeruhiwa mguu. Wewe na dereva wa trolibasi mlimbeba kwenye machela kwenye tope la Oktoba, nawe ukawa unaimba.

"Omelko, bora nife kuliko kusikiliza hii," Arsen akakuambia.

"Kufa hairuhusiwi, daktari. Una jino langu la pili hujalimaliza."

Kisha mkaisikia droni. Kando ya njia palikuwa na mtaro. Mlimsukumia Arsen ndani. Dereva akapata shimo upande wa pili. Mtaro ule ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Arsen. Alilia aliposimulia hapo, na Mama akamkatia mkate, akamwambia ale kwanza.

Siku hiyohiyo, Omelko, upepo wa mashariki ulivuma kutwa. Simu imenyamaza mezani, Lilia amekishika kichwa chake kwa mikono miwili, na dohani ya Havrylo inapiga mluzi bila kupumzika. Mama akatukaripia. "Acheni kuililia simu! Sikilizeni, si huyo?" Tulitamani kumwamini. Mimi nilimwamini, kwa kweli, mpaka kesho yake gari la jeshi liliposimama langoni na ofisa akashuka na mwenyekiti wa kijiji, kofia mkononi.

Mama alikuwa akimenya viazi. Aliwaona kwa dirisha. Walipoingia akasema, "Kaeni. Msiseme bado." Akakimenya kile kiazi mpaka mwisho, polepole, ganda likashuka refu bila kukatika. Akaweka kisu. "Haya," akasema.

Walipokuleta nyumbani watu walipiga magoti pande zote mbili za barabara, kutoka ghala la nafaka hadi kanisani, kwenye tope, na nguo zao nzuri. Watoto wa shule, muuza mbegu za alizeti, watu uliowajengea na watu uliowakatalia. Havrylo alipiga magoti langoni kwake na hakuweza kuinuka, ikabidi ashikwe huku na huku. Makaburini alimwendea Mama.

"Ustyna, mimi simdai tena."

"Mimi namdai," Mama akasema. "Dohani isiguswe. Aliyeiweka ndiye atakayeitoa."

Hakuna aliyembishia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tulijua Mama anajua umezikwa, maana udongo alitupa kwa mkono wake. Lakini kila mluzi uliposikika alikifungua kidirisha, akaegemeza shavu, uso wake ukalainika. Sisi tukachoma kuni mara mbili zaidi tukanyamaza. Fundi mmoja wa mapaa alipokuja kutoka mjini kutengeneza bati la Havrylo, Havrylo alimfukuza kwa ufagio alipoona anaitazama dohani.

Mwezi wa Mei mwaka huu, Alina, mke wa mtoto wa Havrylo, alifika kutoka Kharkiv na bintiye Zlata wa miaka minne. Nyumba yao imepoteza ukuta mmoja kwa kombora. Mumewe yuko mstari wa mbele hadi leo, na yeye pia huamka akitafuta vistari viwili. Kiangazi kilipita vizuri. Zlata aliokota mayai, akamwita Mama "bibi wa dirishani," akaiba cheri zetu. Upepo ulitoka kusini, na dohani ilikuwa imelala.

Oktoba hii upepo ukageuka. Siku ya kwanza tulikusikia, na Mama akafungua kidirisha. Siku zilizofuata upepo ulikuwa uleule, baridi imeanza kuuma, na hatukusikia kitu.

"Tamila," Mama akaniita, "kwa Havrylo hakuna moshi."

"Labda bado amelala."

"Havrylo? Saa hizi? Na mtoto ndani?" Akasikiliza. "Na upepo ni wa kwetu kabisa. Mbona Omelko amenyamaza?"

Nilikwenda. Nilimkuta Alina amevaa koti na blanketi juu yake. Zlata alikuwa akichora na glavu mikononi. Havrylo alikuwa ameketi mbele ya jiko ulilomjengea, jiko zuri kupita yote uliyowahi kujenga, limepoa kama jiwe la kaburi, na pumzi yake inaonekana.

"Baba Havrylo, kuni zimeisha?"

"Kuni zipo."

"Sasa?"

Akatazama dari. Alina ndiye aliyesema. Zlata akiusikia mluzi huingia chini ya meza na kuziba masikio. Kule kwao hutangulia mluzi wa kombora, halafu nyumba huanguka. Mzee amefunga kifuniko cha dohani, basi mluzi hausikiki. Lakini kifuniko kikifungwa moto hauwezi kuwashwa, moshi utawaua. Kwa hiyo upepo ukiwa wa mashariki hukaa hivyo, na makoti.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza Havrylo.

"Nikwambieni nini? Mama yako amebaki na nini kingine? Mwache awe nacho. Sisi tuna makoti." Kisha akaninyoshea kidole. "Na wewe na domo lako, ukimwambia Ustyna nitakuvunjia vioo vya hilo duka lako."

"Vunja," nikasema, nikaenda moja kwa moja kumwambia.

Nilimwambia nikiwa bado mlangoni na buti. Mama alishuka kutoka juu ya jiko, jambo ambalo siku hizi humchukua muda na manung'uniko mengi, ila safari hiyo hakunung'unika. Akaomba skafu. Tangu tukuzike hakuwa ametoka nje ya lango isipokuwa kuja kaburini kwako. Alivuka ua wa Havrylo kwa miguu yake, akikataa mkono wangu, akaingia bila kugonga.

"Fungua kifuniko."

"Ustyna, keti kwanza, nitakuwekea…"

"Fungua, Havrylo. Nataka kumsikia."

Akafungua. Mluzi ukaja. Na kabla Havrylo hajauachia mpini, Zlata alikuwa chini ya meza, upesi, kimya, bila kulia, magoti kifuani, kama mtoto aliyelifanya jambo hilo mara nyingi mno. Kalamu yake ya rangi ilikuwa bado inabingirika sakafuni.

Unayajua magoti ya Mama. Alishika kiti, akashuka, kwanza hili, kisha lile, akaingiza kichwa na mabega chini ya meza. Sehemu iliyobaki haikutosha.

"Unaogopa nini, mjukuu wangu?"

"Inakuja."

"Hii haiji. Hii ni mwanangu. Mtundu tu, anamchokoza babu yako kwa sababu ya supu."

Zlata akafikiri, mikono bado masikioni. "Anakaa ndani ya bomba?"

Mluzi ulikuwa unaendelea juu yetu. Havrylo alianza kulia, mzee yule, bila kujificha.

"Hapana," Mama akasema mwishowe. "Hakai humo."

Akabaki pale chini kidogo, ameushika mguu wa mtoto. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, "Havrylo, funga. Tamila, kamwite Lilia, aje na ngazi."

"Ulisema aliyeiweka ndiye…" Havrylo akaanza.

"Nilisema. Omelko alikwenda huko ili watoto walale. Sasa mluzi wake ndio umwamshe huyu? Angenipiga kwa mwiko." Akanyosha mkono. "Niinueni. Nimenasa."

Lilia alipanda amevaa koti lako la kazi, lile lenye udongo ambalo hajalifua. Yaryna aliishika ngazi upande mmoja, Havrylo upande wa pili, akitoa maelekezo ambayo hayakuombwa. "Taratibu! Ukianguka, safari hii Omelko atanitokea kweli!" Lilia alikaa juu kule muda mrefu. Tulidhani udongo ni mgumu. Baadaye, wakati wa chakula, ndipo alipotuambia. Kuzunguka shingo ya chupa, pale ulipoukandamiza udongo ukakauka, imebaki alama ya dole gumba lako, na mikunjo yake yote. Alikuwa ameingiza dole gumba lake humo, akakaa.

Aliitoa nzima, pamoja na kipande chake cha udongo. Shingo ya kijani ya chupa ya bia, kitu cha kutupa. Mama aliipokea kwa taulo lililotariziwa, lile la mkate wa harusi yenu.

Kisha Lilia akawasha moto. Akaketi sakafuni mbele ya jiko, kama ulivyokuwa ukiketi, akainua mkono, nasi tukanyamaza sote. Moshi ulitafuta, ukapata njia. Upepo wa mashariki ulipita juu ya dohani bila kusema kitu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza, na sikuweza kumtazama.

Zlata alilala juu ya jiko na glavu zake. Havrylo alitupikia bata bukini, akazunguka meza na sufuria. "Onja, Ustyna! Wa moto, ona, wa moto!" Tulikula tukicheka na kulia, na mbele ya kiti chako palikuwa na glasi yako na kipande cha mkate juu yake, kama awekewavyo marehemu.

Jana tulikuletea hiyo shingo ya chupa. Makaburi yapo ng'ambo ya korongo, kilimani, hakuna nyumba ya mtoto karibu, na upande wa mashariki ni mashamba matupu. Lilia alikanda udongo kwa miguu palepale, katika baridi ile, Yaryna akimshika kiuno asiteleze. Tuliipachika chini ya msalaba wako, mdomo ukiangalia mashariki, na udongo wenye dole gumba lako hatukuufunika.

Hapakuwa na upepo. Hata majani ya mbirichi yalikuwa yametulia. Mama alisimama ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Twende, Ustyna," Havrylo akasema. "Baridi hii itakuua."

"Ngoja."

Tulingoja sana. Hapakuwa na kitu. Mwishowe Mama akaushusha mkono, akainama, akaufuta msalaba wako vumbi kwa ncha ya skafu, kama alivyokuwa akikufuta uso wa masizi ulipokuwa mdogo.

"Amelala," akasema. "Mwacheni alale."

Ibada ya kumbukumbu yako itakuwa Jumapili hii kanisani hapa kijijini, kisha tutakuja kwako, kisha nyumbani. Ngano tamu ya marehemu anapika Mama. Watakaoleta chakula wakilete kikiwa cha moto. Na apitaye makaburini siku ya upepo akasikia mluzi, asikimbie kumwita padri. Ni fundi wetu.

Wanaokukumbuka ni mama yako Ustyna, mkeo Lilia, binti yako Yaryna, ambaye amekubali jina lake libaki, dada yako Tamila, Mzee Havrylo, aliyeomba aandikwe miongoni mwa ndugu, na Mama akasema aandikwe, Alina na Zlata, Daktari Arsen, ambaye anakuja kwa gongo moja sasa, na wale watu wa kawaida uliovaa nao nguo za aina moja, waliobaki.

Hatukudai kitu tena, Omelko. Upepo ukivuma tutakukumbuka, na ukitulia tutakukumbuka, daima.